Nozeli ya mashine ya kusaga imechoka: tuitengeneze au tununue mpya?

Ni saa 3 asubuhi. Ndoo za mahindi zimepangwa mlangoni mwa kibanda cha mashine, na wenye ndoo wamekaa chini ya mwembe wakisubiri zamu. Injini imewaka kwa shida. Inatoa moshi mweusi, inagonga, na kila mahindi yanapoingia kinuni inazidiwa na kutaka kuzima. Fundi anafungua injekta, anaitazama, kisha anamwambia mwenye mashine: "Mama, hii nozeli imekwisha. Nunua mpya." Fundi wa pili, aliyepita kusalimia tu, anadakia: "Hapana, mama. Tuisafishe, itafanya kazi."

Nani anasema kweli? Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wawili wanaweza kukosea. Nozeli inaweza kuwa chafu tu, ikapona kwa kusafishwa. Inaweza kuwa imelika, na kuisafisha kukawa ni kupoteza siku. Na inaweza kuwa nzima kabisa, tatizo likawa kwenye tangi au kwenye valvu.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kufikia uamuzi huo bila kubahatisha. Tumechukua nozeli kuwa mfano mkuu kwa sababu ndiyo spea inayosumbua mara nyingi kwenye injini ndogo za dizeli, lakini njia ya kufikiri ni ileile kwa pampu, ringi, krenki na vifaa vingine. Kwa kifupi, usianze na bei. Anza na maswali mawili: kifaa hiki ni cha aina gani, na ni kitu gani kilichokiharibu?

Injini tunazozizungumzia

Mashine nyingi za kusaga na pampu za umwagiliaji vijijini huendeshwa na injini ya dizeli yenye silinda moja. Zipo za zamani za mtindo wa Lister wa Uingereza, zenye magurudumu mawili mazito na mwendo wa polepole, pamoja na zile zilizoigwa India kwa mtindo huohuo. Zipo pia za Kichina zilizolala, zenye tangi la maji juu, kama S195, ambayo silinda yake ina kipenyo cha milimita 95 na nguvu za farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika.

Injini hizi zote hazina plagi ya kutoa cheche. Pistoni inabana hewa mpaka inapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, kisha dizeli inarushwa ndani ya hewa hiyo na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo injini ya dizeli inataka mambo mawili: hewa ibanwe vizuri, na dizeli irushwe kwa wakati wake ikiwa ukungu mwembamba. La pili ndilo kazi ya pampu na nozeli.

Ndani ya injekta kuna nini?

Watu wengi huita kifaa chote "nozeli", lakini injekta ina sehemu kadhaa. Kuna mwili wake, ambao ni chuma kinene chenye nyuzi za kufungia. Ndani yake kuna springi na skrubu ya kurekebishia springi hiyo, au vishimu vinavyofanya kazi hiyo. Chini kabisa ndipo ilipo nozeli yenyewe: kiganda kidogo cha chuma kigumu chenye sindano ndani.

Springi huikandamiza sindano ili tundu libaki limefungwa. Pampu inaposukuma dizeli kwa nguvu kubwa, sindano huinuka, dizeli inaruka kama ukungu, na sindano inarudi chini kwa ghafla. Kwenye injini kama S195, nguvu hiyo ya kufungua ni karibu baa 120 hadi 130. Tairi la gari dogo hujazwa kwa baa 2 na kidogo, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya mara 50 ya nguvu ya tairi. Injini zinazorusha dizeli moja kwa moja juu ya pistoni huhitaji nguvu kubwa zaidi, mara nyingi baa 180 hadi 200 na kuendelea.

Sindano na kiganda chake vimesagwa pamoja kiwandani. Nafasi kati yao ni maikroni chache tu, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Ndiyo maana sindano ya nozeli moja haikai sawasawa kwenye nozeli nyingine, hata kama zimetoka kwenye boksi moja. Na ndiyo maana vumbi usiloliona kwa macho linaweza kuikwaruza.

Kabla ya kuilaumu nozeli

Moshi mweusi, kugonga, kukosa nguvu na kuwaka kwa shida ni dalili za nozeli mbovu, lakini pia ni dalili za mambo mengine yasiyohitaji kununua spea yoyote. Pitia mambo haya kwanza, kwa mpangilio huu:

1. Hewa. Fungua chujio la hewa. Kibanda cha mashine kina vumbi la unga, na chujio lililoziba peke yake linatosha kutoa moshi mweusi.

2. Mafuta. Chota dizeli kutoka chini ya tangi, weka kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Angalia pia chujio la mafuta.

3. Hewa ndani ya mipira ya mafuta. Mpira uliopasuka au nati iliyolegea huingiza hewa, na injini hukosakosa. Toa hewa, kaza, jaribu tena.

4. Mgandamizo. Zungusha hendeli polepole bila kushika kidude cha kuachia hewa. Injini nzima itakataa kupita na kutaka kurudi nyuma. Ikipita kwa ulaini, hewa inatoroka. Sikiliza: mluzi ukitokea upande wa ekzosi au wa chujio la hewa, ni valvu. Ukitokea upande wa kumimina oili, ni ringi au silinda. Ukiona mapovu kwenye tangi la maji, shuku gasketi ya kichwa cha silinda au kichwa chenyewe kilichopasuka.

5. Nafasi ya valvu. Nati za valvu zikilegea au kukaza kupita kiasi, injini hukosa nguvu.

Ukimaliza hayo matano na tatizo bado lipo, sasa una haki ya kuifungua injekta. Mwenye mashine anayeruka hatua hizi ndiye anayenunua nozeli mpya Jumatatu na kurudi kwenye moshi uleule Jumanne.

Kuipima nozeli, na hatari moja ambayo lazima uijue

Fundi mwenye kifaa cha kupimia atapima injekta mezani kwake. Kijijini wengi hupima kwa njia hii: wanaifungua injekta, wanaifunga tena kwenye bomba lake ikiwa imetazama nje, wanatoa hewa, kisha mtu mmoja anazungusha hendeli huku mwingine anatazama dizeli inavyoruka.

Hapa tunaomba usome kwa makini. Usiweke kamwe kidole, kiganja wala uso mbele ya nozeli inayorusha. Dizeli yenye nguvu hiyo hutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Tundu lake huonekana dogo kama la sindano, na mwanzoni haliumi sana, lakini ndani nyama inaweza kuanza kufa kwa muda wa saa chache. Aliyepigwa na dizeli namna hiyo apelekwe hospitali papo hapo, hata kama hajisikii vibaya, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa nguvu kubwa. Watu wamepoteza vidole kwa kusubiri kesho. Vilevile ukungu ule unawaka moto haraka, kwa hiyo sigara, jiko na moto wowote vikae mbali.

Sasa tazama kwa upande, ukiwa mbali kidogo. Nozeli nzima hutoa ukungu mwembamba ulionyooka, hutoa mlio wa kukoroma kila inaporusha, na baada ya kurusha ncha yake hubaki kavu. Nozeli mbovu hutoa mchirizi badala ya ukungu, au hurusha upande mmoja, au hudondosha matone.

Matone ndiyo mabaya zaidi. Dizeli inayodondoka haiungui vizuri. Inaosha oili kwenye kuta za silinda, inashuka chini na kuchanganyika na oili ya injini. Ukipima oili ukakuta imeongezeka na imekuwa nyepesi yenye harufu ya dizeli, nozeli au pampu inavuja na injini nzima iko hatarini. Nozeli inayorusha mchirizi inaweza pia kuunguza kichwa cha pistoni mpaka kikatoboka. Hapo spea ndogo itakuwa imeua spea kubwa.

Matokeo manne, maamuzi manne

Mwambie fundi afungue injekta mahali pasipo vumbi, juu ya karatasi au kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na aoshe kila kitu kwa dizeli safi. Masizi yasuguliwe kwa brashi ya shaba au kijiti cha mti. Msasa, waya wa chuma na kisu havigusi nozeli.

Kisha kuna kipimo kimoja ambacho hata wewe mwenye mashine unaweza kukishuhudia. Nozeli ikiwa imelowa dizeli safi, ilazwe mshazari, nusu ya kusimama wima. Sindano ivutwe nje karibu theluthi ya urefu wake, kisha iachiwe. Inatakiwa iteleze yenyewe polepole mpaka chini kwa uzito wake tu.

Ikiteleza vizuri, na baada ya kusafishwa nozeli inarusha ukungu na ncha ni kavu, ilikuwa chafu tu. Irudishe. Hakuna sababu ya kununua mpya.

Ikirusha ukungu na ncha ni kavu, lakini kipimo kinaonyesha inafunguka kwa nguvu ndogo kuliko inayotakiwa, nozeli ni nzima na springi imelegea. Fundi arekebishe skrubu au vishimu. Hayo ni matengenezo halali na ya kudumu. Lakini yafanyike kwa kifaa cha kupimia, si kwa kukisia.

Ikikwama kidogo tu kila mara mahali pamoja hata baada ya kuoshwa, au ikidondosha matone, au sindano ina mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha, au imebadilika rangi kuwa ya buluu kwa joto, imekwisha. Nunua nozeli mpya, yaani sindano pamoja na kiganda chake. Mwili wa injekta unabaki uleule. Muuzaji akikuambia lazima ununue injekta nzima, muulize ni nini kibovu kwenye mwili.

Na ikiwa mwili wenyewe umepasuka, au nyuzi zake zimelika kiasi cha kuvuja hata ukikaza, hapo ndipo unanunua injekta nzima.

Vipi kuhusu kuisaga sindano kwa dawa ya kung'arishia vyuma, kama wanavyofanya baadhi ya mafundi? Inaweza kukutoa kwenye shida ya siku mbili tatu wakati wa mavuno, mpaka spea ifike. Lakini ule usagaji wa mkono unaongeza nafasi kati ya sindano na kiganda, na nafasi hiyo hairudi. Ukikubali, kubali ukijua umenunua siku chache tu, na usilipe bei ya matengenezo kamili.

Tupige hesabu

Watu wengi hulinganisha bei mbili tu: ya kutengeneza na ya kununua. Kuna bei ya tatu iliyojificha, nayo ni dizeli inayopotea na siku ambazo mashine imesimama.

Injini ya farasi 12 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hutumia karibu lita 2 na nusu za dizeli kwa saa. Ukisaga saa 5 kwa siku, ni lita 12 na nusu. Tuseme nozeli mbovu inapoteza sehemu moja tu ya kumi. Hiyo ni lita 1 na robo kwa siku, na kwa siku 25 za kazi ni zaidi ya lita 31. Chukua bei ya dizeli ya kwenu, zidisha kwa 31, kisha linganisha na bei ya nozeli dukani. Mara nyingi utakuta nozeli ya injini ya silinda moja ni rahisi kuliko dizeli iliyopotea kwa mwezi mmoja.

Hesabu ya pili ni ya kugawa kwa muda. Tuseme, kwa mfano tu, kutengeneza kifaa fulani ni shilingi 20,000 na kitadumu miezi 2. Hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Kipya ni shilingi 60,000 na kitadumu mwaka mzima. Hiyo ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Kilichoonekana ghali mara tatu kimekuwa rahisi mara mbili. Na kila mara unapotengeneza, ongeza siku moja ya kusimama: mapato yaliyokosekana, nauli ya fundi, na wateja waliobeba ndoo zao kwenda mashine ya kijiji cha pili. Wengine hawarudi.

Lakini hesabu hiyohiyo inaweza kukuelekeza upande wa pili. Mwili wa injekta uliorekebishwa springi tu utadumu kama mpya. Hapo kununua mpya ni kutupa pesa.

Makundi matatu ya spea

Vifaa vya injini ya dizeli tunaweza kuvigawa katika makundi matatu, na kila kundi lina sheria yake.

Kundi la kwanza ni vya kubadilisha kila mara: gasketi, ringi za pistoni, vichujio, washa za shaba, na bolti za konrodi fundi akiona nyuzi zake zimevutika. Ni vya bei ndogo na vikifeli vinaleta hasara kubwa. Bolti ya konrodi ikikatika, konrodi inaweza kutoboa bloku. Kuhusu washa ya shaba chini ya injekta, weka moja tu. Ukiweka mbili kuzuia uvujaji, unainyanyua nozeli kutoka mahali pake na urushaji unaharibika.

Kundi la pili ni vya kutengeneza karakana: kichwa cha silinda kilichopinda kinaweza kusawazishwa, valvu zinaweza kusagwa, puli inaweza kuchongwa, tangi la maji linaweza kuzibwa. Hata krenki iliyolika huchongwa kwa vipimo, robo milimita au nusu milimita, kisha ikawekewa beringi nene zaidi za kipimo hichohicho. Ni vyuma vinene, vina nafasi ya kupunguzwa. Lakini krenki iliyopasuka haichomelewi. Ikikatika ikiwa kwenye mwendo, gurudumu zito linaweza kuruka na kuua mtu.

Kundi la tatu ni vifaa pacha vya kipimo kidogo: nozeli na sindano yake, plunja ya pampu na kiganda chake, na valvu ya kusukumia iliyo juu ya pampu. Hivi vikilika havitengenezwi kijijini. Hubadilishwa vikiwa pacha, na pacha wa zamani hachanganywi na mpya.

Kwa upande wa pampu, ipo dalili moja nzuri ya kuijua. Injini inawaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, lakini ukiizima ikiwa ya moto inakataa kuwaka mpaka ipoe. Funga kitambaa kilicholowa maji baridi kwenye pampu, subiri kidogo, jaribu tena. Ikiwaka, plunja imelika: dizeli ya moto ni nyepesi na inapenya pembeni, dizeli ya baridi ni nzito kidogo na haipenyi sana. Hapo badilisha plunja na kiganda chake, na mwambie fundi atunze vishimu vilivyokuwa chini ya pampu. Unene wake ndio unaoamua dizeli irushwe wakati gani.

Injini nyingi za Kichina zilizolala zina silinda inayotolewa na kuwekwa nyingine. Ukipitisha ukucha ndani, karibu na juu, ukihisi ngazi, silinda imelika. Kuweka ringi mpya peke yake ndani ya silinda hiyo ni kazi ya muda mfupi. Nunua silinda, pistoni na ringi kwa pamoja.

Kilichoiua ya kwanza kitaiua ya pili

Hili ndilo jambo ambalo mafundi wengi hulisahau kwa sababu wanaitwa kubadilisha, hawaitwi kuchunguza. Nozeli ya injini inayotunzwa hudumu maelfu ya saa. Ikifa kila baada ya miezi mitatu, kuna kinachoiua.

Cha kwanza ni maji. Tangi lisilojaa usiku hupata unyevu, na madumu yanayokaa nje huingiza maji ya mvua. Maji huleta kutu kwenye sindano. Jaza tangi jioni, na kila wiki fungua nati ya chini utoe maji yaliyotuama.

Cha pili ni uchafu. Dizeli ya dumu iache itulie usiku kucha, usimimine ile ya chini kabisa, na tumia faneli yenye chujio. Dumu la dizeli lisiwe lile lililowahi kubeba maji au oili chafu.

Cha tatu ni mafuta ya taa. Dizeli ndiyo inayolainisha plunja na sindano, na mafuta ya taa hulainisha kidogo sana. Uchakachuaji umekuwa tatizo kubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Ukinunua kwenye chupa na madumu ya barabarani kwa sababu ni rahisi, jumlisha na bei ya plunja.

Cha nne ni joto. Tangi la maji likikauka, au mashine ikilazimishwa kusaga kupita uwezo wake, nozeli hubadilika rangi na kukwama.

Kwa hiyo kila unapoweka nozeli mpya, siku hiyohiyo osha tangi na badilisha chujio la mafuta. Bila hivyo umenunua nusu ya tiba.

Unapokwenda dukani

Beba nozeli ya zamani. Pembeni mwake kuna herufi na namba zilizochongwa. Zinazoanza na DN ni za sindano yenye kincha, na zinazoanza na DLLA ni za matundu kadhaa. Nunua zenye maandishi yaleyale. Nozeli inaweza kuingia vizuri kabisa na bado ikawa si yake.

Tazama sindano: iwe inang'aa sawasawa, isiwe na kutu, na ikioshwa iteleze kama tulivyoeleza. Nozeli mpya huja imepakwa grisi ya kuizuia kutu. Ioshwe kwa dizeli safi kabla ya kufungwa. Omba risiti, na kama muuzaji au karakana ya pampu ina kifaa cha kupimia, ipimwe mbele yako kabla hujalipa. Ikishikiliwa baa 10 chini ya nguvu yake ya kufunguka kwa sekunde 10, ncha isidondoshe tone.

Lini injini nzima inatosha?

Bloku ikipasuka pale inapokaa silinda, au krenki ikiwa imeshachongwa mpaka kipimo cha mwisho, au mahitaji ya spea kwa pamoja yakizidi nusu ya bei ya injini nyingine nzima, ni wakati wa kufikiria kuiacha.

Na kabla ya kufanya matengenezo makubwa, uliza kwanza kama umeme unakuja. Kama nguzo zimeshafika, huenda mota ikakufaa zaidi kuliko injini. Lakini kinu kikubwa huhitaji umeme wa njia tatu, na nyaya zilizopita mbele ya nyumba yako zinaweza kuwa za njia moja tu. Uliza ofisi ya shirika la umeme kabla hujauza injini. Wapo pia wanaobaki na injini yao kwa ajili ya siku umeme ukikatika, na kwa hao nozeli nzima na tangi safi bado ni akiba.

Kwa ufupi

- Pima hewa, mafuta, mgandamizo na valvu kabla ya kufungua injekta.
- Safisha na upime kwanza. Ikiwa kavu na inarusha ukungu, irudishe.
- Springi imelegea: rekebisha. Inadondosha au imekwaruzwa: nunua nozeli. Mwili umeharibika: nunua injekta.
- Vifaa pacha hubadilishwa vyote viwili.
- Gawa gharama kwa miezi, kisha ongeza dizeli inayopotea na siku za kusimama.
- Ondoa kilichoharibu spea ya kwanza kabla ya kuweka ya pili.
- Usiweke mkono mbele ya nozeli inayorusha.

Tukirudi kwa yule mama na mafundi wake wawili: jibu lake si kuchagua fundi wa kumwamini. Ni kuwaambia wote wawili, "Haya wanangu, isafisheni, iteleze mbele yangu, irushe mbele yangu, ndipo niamue." Kipimo hicho kinachukua chini ya saa moja, na ndoo zilizo mlangoni zinaweza kusubiri saa moja.